Mafuta Kabla Ngozi Haijakauka

Binti yangu alizaliwa Butembo na ngozi safi. Alipofika mwezi wa nne mashavu yakaanza kukauka. Tulidhani ni baridi, maana ukungu wa asubuhi kule kwetu unaingia mpaka ndani ya blanketi, na mtoto mwenye mashavu makavu si habari. Kisha ukavu ukashuka kwenye kunjo za viwiko, ukaenda nyuma ya magoti, ukakaa shingoni. Mahali pale ngozi ilikuwa nyeusi kuliko kwingine, nene, na ukipitisha kidole inakwaruza kama ulimi wa paka. Siku nyingine ilipasuka ikatoa maji. Alijua kujikuna kabla hajajua kukaa.

Mimi nilikuwa mtu wa barabara. Shule niliiacha mwaka wa tano wa msingi, na hakuna aliyenifukuza. Siku moja lori lilisimama mbele ya darasa kubadilisha gurudumu, nikatoka kutazama jinsi wanavyolibadilisha, na lilipoondoka nikaona ni afadhali kujua linakokwenda kuliko kurudi kwenye kuzidisha na kugawanya. Tangu hapo nimekwenda. Nilipeleka chumvi Manguredjipa, nikarudisha mawese. Nilipeleka maharage Beni, nikarudisha vitu vilivyoingilia mpakani Kasindi: betri, sindano za kushonea, mafuta ya kujipaka. Na kila nilipofika niliuliza. Niliwahi kukaa siku nzima kwenye kiwanda kidogo cha sabuni pale Butembo kwa sababu tu nilitaka kuona mawese yanavyogeuka kuwa jiwe. Fundi alinionyesha mkono wake ulioliwa na soda kali ya sabuni, akacheka. Niliutazama sana mkono ule. Lakini sikuufikiria tena.

Baba wa mtoto alikwenda Manguredjipa kutafuta dhahabu, na huko akapata mke. Dhahabu sijui.

Kwa hiyo nilipokuwa safarini mtoto alibaki kwa dada yangu mkubwa. Mimi na watu wote wa mtaa tulimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa mke wa mwalimu, mwimbaji wa kwaya katika kanisa la Waprotestanti, mwanamke aliyefagia uwanja wake mara mbili kwa siku na kukagua kama umefagiwa. Yaya hakuwa na mtoto. Jambo hilo halikusemwa nyumbani mwake, lakini tangu nilipomwachia wangu alianza kuimba hata akiwa anaosha masufuria.

Miaka ile vita vya kwanza vilikuwa vimepita na vya pili vilikuwa vimezoeleka, yaani watu walikuwa wanajua siku gani si ya kwenda Beni. Kutoka kusini, Luofu na Kanyabayonga, familia zilifika na magodoro kichwani, zikalala kanisani na katika viwanja vya watu. Walikuja na upele, ule ambao kwetu tunauita gale, kwa sababu wamelala wengi juu ya mkeka mmoja. Wauguzi waliwapanga mstari, wakawapaka dawa nyeupe inayouma mpaka watoto wanaruka. Yaya alipoona wa kwetu anajikuna, akaogopa. Alimpeleka kwenye mstari mara mbili. Na kila asubuhi na jioni alimwogesha kwa maji ya moto na sabuni ya jiwe, akimsugua kwa kipande cha gunia, akiamini kwamba chini ya kile kigaga kuna uchafu, na siku utakapotoka wote mtoto atapona.

Nilirudi kutoka safari moja nikamkuta mtoto amekuwa kama gome la mti, na usiku mzima anasugua miguu yake kwenye shuka, mmoja juu ya mwingine, huku analia bila kuamka. Nilimuuliza Yaya kama hamsugui kupita kiasi.

“Nyumba yangu hapana nyumba ya upele,” alisema. “Kama uko na dawa ingine, lete. Wewe ndiye unaona dunia.”

Dawa ingine nilikuwa nayo, na ilikuwa ndani ya mzigo wangu mwenyewe.

Wanawake wengi wa Butembo na Beni walikuwa wanajichubua. Walijipaka tyubu ndogo zilizotoka ng'ambo ya mpaka, na baada ya wiki chache uso unakuwa na rangi ya chungwa bivu huku vifundo vya vidole vikibaki vyeusi. Niliziuza tyubu hizo kwa dazani. Mteja mmoja aliniambia kwamba alimpaka mwanawe mahali penye muwasho, na muwasho ukatoweka. Nilifungua sanduku la karatasi nikasoma ile karatasi ya ndani, kwa Kifaransa changu cha mwaka wa tano, kidole chini ya kila neno. Niliona neno egzema, ambalo niliwahi kulisikia likitajwa kwa ngozi kavu inayowasha. Nilifurahi kama mtu aliyeona jina lake kwenye barua. Maneno mengine yaliyofuata, yale marefu, niliyaruka.

Siku ya nne mtoto alikuwa mzuri. Sijui niseme vipi. Kigaga kilianguka, viwiko vikawa viwiko. Alilala kutoka jioni mpaka jogoo, na alipoamka aliweka kiganja chake shavuni pangu akakiacha pale, kwa sababu kwa mara ya kwanza mkono wake haukuwa na kazi nyingine. Yaya alisimama mlangoni akatutazama, akaenda kuchemsha chai.

Nikampa tyubu sita. Nikamwambia apake kila siku, uso na mwili, kama mafuta. Nikaenda Manguredjipa na moyo mwepesi.

Njia ilifungwa nyuma yangu. Mapigano yalikuwa katikati ya msitu na barabara, na nilikaa kule miezi miwili nikila ndizi za watu. Niliporudi, kabla sijafika nyumbani, mwanamke anayeuza sombe, majani ya muhogo, kwenye kona alinisalimu kwa kicheko: “Mama ya mutoto muzungu umerudi? Tulifikiri umeenda kumutafutia baba yake Ulaya.” Wenzake wakapiga makofi.

Nilimkuta mtoto amekaa mlangoni. Mashavu yake yalikuwa yamepauka kwa mabaka, na chini ya ngozi, ambayo ilikuwa nyembamba kama utando wa kitunguu, niliona mishipa. Mahali pengine moto ulikuwa umerudi, mkali kuliko mwanzo, kwa sababu wiki moja nyuma mke wa mchungaji alimuuliza Yaya mbele ya kwaya nzima kama watoto sasa nao wanachubuliwa, na Yaya, kwa aibu, aliacha kupaka siku ileile. Nilinyoosha mkono. Mtoto alijificha nyuma ya mguu wa Yaya akafunika viwiko vyake. Mkono wangu alikuwa amekwisha kuujua: ndio ulioleta tyubu, na sasa kila kitu kilichomgusa kilimchoma.

Yaya hakupiga kelele. Aliongea taratibu, kama anayesoma tangazo.

“Mi namusugua, we unamupaka. Mutoto moja, dawa mbili, na weye hauko. Donc sikiliza. Umupeleke kwa muganga wa kweli. Ukirudi naye, ao unakaa naye, ao unaniachia mi kabisa. Katikati hapana.”

Nikasema nitakaa naye. Nilisema haraka, kama mtu anayelipia kitu bila kuuliza bei.

Kulikuwa na muuguzi mzee Beni, katika kituo kidogo cha afya karibu na njia ya kwenda Kasindi, ambaye watu walisema anajua ngozi. Nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda juu ya lori la viazi. Kwenye kizuizi kimoja tulishushwa, na askari akafungua furushi langu akaikuta tyubu, ambayo niliichukua ili muuguzi aione. Aliuliza kwa Kilingala kama mwana huyu alingi kokoma mundele, kama anataka kuwa mzungu, na wenzake wakacheka. Kisha akamtazama mtoto vizuri, akaacha kucheka. Alisema kwamba mtoto wake, kule kwao mkoani Ikweta, alikuwa na vitu hivyohivyo hapa na hapa, akagusa kunjo za viwiko vyake mwenyewe. Nilimuuliza kama alipona. Akasema ameondoka siku nyingi, hajui. Alinirudishia tyubu akaifunga mwenyewe kifuniko.

Muuguzi hakuanza na mtoto. Alianza na mimi. Aliuliza nyumbani nani mwingine anajikuna. Nikasema hakuna, hata Yaya anayelala naye. Akasema basi, gale ingeshika nyumba nzima, hii si gale. Akauliza tunamwogesha na nini, maji ya joto gani, mara ngapi. Nilipotaja gunia alifunga macho kidogo. Alisema kitabu chake kinamfundisha atafute wekundu, lakini kwa ngozi yetu ukitafuta wekundu utangoja sana. Sisi tunatafuta weusi, ukavu, na mikono ya mtoto isiyotulia. Nilipenda jambo hilo, nikataka kumuuliza mengine juu ya kitabu chake, lakini alikuwa ameshika tyubu.

“Hii ni dawa ya kweli, mama. Ndiyo ubaya yake,” alisema. “Ni ya nguvu sana. Inawekwa kidogo, kwa mahali kidogo, siku kidogo. Nyinyi munaipaka mutoto kama vile munapaka ukuta.”

Nilimuuliza nani angetuambia. Akasema ni swali zuri, na akacheka kwa huzuni.

Alinipa pomada nyingine, dhaifu, akanionyesha kiasi cha kila siku kwenye ncha ya kidole na akanihesabia siku. Nipake palipo pabaya tu, tabaka jembamba, kisha nirudi aone. Nikiona usaha, au maganda ya njano, au homa, nisingoje siku hizo, nije mbio. Halafu akasema kwamba hayo yote ni kazi ndogo. Kazi kubwa haiko kwenye tyubu.

Kazi kubwa ilikuwa hii. Maji ya vuguvugu, yale ambayo ukitia kiwiko chako husikii joto wala baridi. Kuoga kwa muda mfupi, kama muda wa wimbo mmoja wa kanisani, na si ule wenye beti nane. Sabuni kidogo mahali penye jasho na uchafu tu, na isiwe ile ya jiwe. Kukausha kwa kugandamiza kitambaa, bila kusugua. Na papo hapo, ngozi ikiwa bado ina unyevu, kabla haijakauka, vazelini isiyo na marashi mwili mzima, kufuata vinyweleo vinakolala. Kucha fupi. Nguo ya pamba karibu na mwili, na sweta ya sufu juu yake, isimguse. Asubuhi na jioni. Hata siku amepona. Hasa siku amepona.

Nikauliza itaisha lini.

“Wengine wakikua inawaacha. Lakini hapana ngoja ile siku. Malaria unaiponyesha. Hii unalima,” alisema. “Shamba ya viazi unalima mara moja, unaenda? Inataka mikono ileile, kila siku.” Kisha akaitazama mikono yangu, na sijui aliona nini.

Siku tuliyotaka kurudi Butembo barabara ilikatwa. Tulibaki Beni miezi mitatu, katika chumba cha nyuma cha mama mmoja muuza mawese. Nikiulizwa leo ni wapi nimewahi kuishi, mimi niliyelala katika miji ambayo siwezi kuihesabu, ninafikiria chumba kile.

Beni ni chini, kuna joto, na jasho lilimwasha kama baridi ya Butembo ilivyomkausha. Kwa hiyo mchana nilimfuta kwa kitambaa chenye maji, shingoni na kwenye kunjo, kisha nikapaka tena. Vazelini ilipokosekana sokoni mama mwenye nyumba alinipa mafuta meusi ya kokwa za ngazi za mchikichi, ambayo wazee walipaka watoto tangu zamani. Muuguzi alisema tujaribu kwanza mahali padogo. Hayakumdhuru. Yalinuka moshi, na mpaka leo harufu ile ikinijia sokoni ninasimama.

Nilimpaka huku nikimweleza njia. Mkono wake ulikuwa barabara ya kutoka Beni: bega ndipo tulipo, hapa tunapita Maboya, hapa kiwiko, kuna kona mbaya, malori yanaanguka, tupite polepole. Goti lilikuwa Kanyabayonga. Tulipofika nyayo alijua kwamba tumefika kwa watu tusiowajua, na alicheka kabla sijamgusa. Wiki ya tatu alianza kuinua kidevu mwenyewe ili nipake shingo. Mwezi wa pili alikuwa hajifichi. Ngozi ilinenepa polepole, mabaka yakaanza kuiva tena rangi yake. Jioni moja alilala kifuani pangu akiwa na mafuta mwili mzima, akiteleza kila nilipopumua, nami nikafikiri: basi, ni hapa. Nimefika.

Na ilikuwa kweli. Sitaki mtu aniambie haikuwa kweli.

Lakini mwezi wa tatu njia ilifunguliwa. Kutoka chumbani nilisikia malori yakibadilisha gia kwenye kilima, na nilijua kwa sauti tu lipi limejaa na lipi tupu. Nilianza kupaka haraka. Barabara ya mkononi ikafupika, tukaacha kupita Maboya. Siku moja nilikwenda kuangalia malori, nikarudi jioni imepita na mtoto amelala mkavu. Asubuhi kiwiko kimoja kilikuwa kimeanza. Siku moja tu. Nililia, nikapaka, na hata nikiwa nalia sikio langu lilikuwa barabarani.

Tulirudi Butembo. Yaya alimvua nguo zote kwenye mwanga wa dirisha akamgeuza kama anayekagua kitambaa dukani. Alipoona nyuma ya magoti alikaa chini. Nilimweleza kazi yote. Maji ya vuguvugu alikubali. Pamba alikubali. Lakini mtoto kuoga bila kusuguliwa, bila sabuni mwili mzima, lilimshinda.

“Sasa atakuwa anaoga ama anapita tu mbele ya maji?” aliuliza.

Nilimpa wiki moja aone. Alifanya akiwa amekunja uso, kama anayekula chakula cha watu wengine. Wiki ilipoisha hakuniuliza tena. Na nikaona jambo ambalo sikulitegemea: alikuwa hodari kuliko mimi. Yaya aliyeweza kushika sauti ya pili miaka kumi bila kupotea, aliishika kazi ile vilevile. Saa ileile, bakuli lileile, kitambaa kimeanikwa mahali palepale. Alishona nguo za pamba kwa kitenge chake cha zamani kilicholainika. Alikata kucha kila Jumamosi. Mimi nilikuwa na hadithi, yeye alikuwa na saa.

Nilisema nakwenda wiki mbili. Yaya aliniangalia, akanikumbusha alivyosema. Nikasema ni wiki mbili tu.

Nilikaa mwaka mmoja na zaidi. Nilifika Manguredjipa, nikasikia habari za Kisangani, nikataka kuuona mto. Vita vilinizuia nusu ya muda ule. Nusu nyingine sikuzuiwa na mtu. Kila nilipolala niliona shingo yake imeinuliwa, na kila mtoto mchafu aliyejikuna njiani nilimwita mama yake nikamweleza maji ya vuguvugu na mafuta kabla ngozi haijakauka, mpaka wenzangu wa safari wakanipa jina la muganga. Niliwafundisha wanawake wengi kufanya kila siku kile nisichokuwa ninafanya.

Nilifika Butembo alasiri. Alikuwa ametoka kuoga, amesimama juu ya mkeka katika chumba cha mbele, miaka mitatu na nusu, mrefu, na ngozi yake yote ilikuwa ya rangi moja. Aling'aa. Nilitafuta kwenye viwiko alama yoyote, nikaona kivuli kidogo tu, kama mahali palipokunjwa kitambaa. Yaya alikuwa na mkebe wa mafuta mkononi. Hatukusalimiana sana. Alinipa mkebe.

Nilichota, nikashika mkono wa mtoto. Nilikuwa na hamu, na hamu haina polepole. Alinitazama kwa adabu, kama mtoto aliyefundishwa vizuri anavyomtazama mgeni, kisha akasema:

“Mama mudogo, hapana sugua. Unaweka tu, polepole. Mama anaweka polepole.”

Mama mdogo ni mdogo wa mama. Ndivyo kila mtoto wa kwetu anavyomwita, na hakuna neno lenye heshima kuliko hilo kwa mtu kama mimi. Hakuna aliyemfundisha kunikosea. Alihesabu mwenyewe: huyu yuko kila siku, ni mama, huyu ni mdogo wake.

Nilimtazama Yaya. Akasema chini chini, kwa Kinande, lugha ya wazazi wetu, ili mtoto asifuate vizuri, kwamba nimwambie mimi ni nani. Nikitaka kumwambia nimwambie sasa, yeye hatanikatalia. Ila nikimwambia leo, kesho nipike hapa, na keshokutwa nipike hapa.

Mtoto alikuwa bado amenyoosha mkono. Maji yalikuwa yanakauka juu ya bega lake, tone moja moja. Nilikuwa nayaona yakiondoka. Nilitafuta ndani yangu ile kesho na ile keshokutwa, nikaitafuta kwa kweli, kama mtu anayepapasa mfuko wote mpaka kwenye mshono. Nje lori lilipita likipanda kilima. Lilikuwa tupu.

“Ndiyo, mama mudogo anaweka polepole,” nikasema. “Nionyeshe wapi kunafuata.”

Akageuka akanipa mgongo. Nikapaka mgongo, nikapaka nyuma ya magoti, taratibu, kufuata vinyweleo, mpaka palipobaki pote pakawa pamefikiwa. Nilipomaliza Yaya alimvalisha nguo ya pamba, akamfunga vifungo. Kisha akaniuliza kama nitakula kabla ya kwenda.